Tanga Huliwa kwa Saa

Msomaji mmoja aliyehamishiwa Tanga mjini kikazi kutoka Dodoma ameniandikia hivi: "Nina miezi minne hapa. Kila niliyemuaga aliniambia nitanenepa kwa chakula cha Tanga, lakini kila mgahawa ninaoingia una orodha ile ile ya chipsi kuku, wali nyama na ugali samaki. Je, sifa za Tanga ni za zamani na zimekwisha, au mimi ndiye nisiyejua pa kutafuta? Watu wa hapa siku hizi wanakula wapi, na ni nini kinachobadilika? Mwezi ujao nitapokea wageni watatu kutoka makao makuu, na nisingependa kuwapeleka tena katika ukumbi ule ule wa hoteli."

Ndugu yangu, sifa za Tanga hazijakwisha. Kinachokupotosha ni namna unavyotafuta. Unatafuta kwa kibao cha mgahawa, kama ambavyo mtu angefanya katika mji mwingine wowote, ilhali ulaji wa Tanga umepangwa kwa saa. Chakula kinachosifiwa hupikwa na mtu mmoja au familia moja, huwekwa mezani kwa saa mbili au tatu, huisha, na meza hurudishwa ndani. Ukipita mahali hapo mchana utaona ukuta mtupu na kivuli cha mwembe, na hutaamini kwamba asubuhi watu walikuwa wamesimama hapo wakisubiri zamu. Mgahawa wenye kibao hulipa pango la kila mwezi na hulazimika kuwa wazi kutwa nzima, na kwa sababu hiyo hupika vitu vinavyovumilia kukaa katika hotpoti au vinavyoweza kukaangwa mteja akishaketi. Ndiyo maana orodha zote zinafanana. Wenye mikahawa hiyo wanapiga hesabu yao sawasawa na hawastahili lawama, ila hesabu yao haikuonyeshi mji unakula nini.

Nianze na alfajiri, kwa kuwa ndiyo saa ambayo wageni wengi huikosa kabisa wakiwa bado wanasubiri chai ya hoteli. Nenda Ngamiani, upande wa pili wa reli, katika mtaa ule mkubwa ambao barabara zake hutajwa kwa namba badala ya majina, ufike mara tu watu wanapotoka kuswali. Utakuta masufuria ya mbaazi za nazi, beseni za maandazi ya iliki ambayo baadhi ya watu wa pwani huyaita mahamri, na wanawake walioketi mbele ya vyuma vya vitumbua. Kitumbua ni kazi ya usiku kucha: mchele huroweshwa tangu jioni, husagwa pamoja na tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha huachwa uumuke kabla ya kumiminwa katika vishimo vya chuma chenye mafuta ya moto. Kitumbua cha saa 12 asubuhi kina ukingo mkavu unaovunjika na moyo laini unaonukia. Kitumbua hicho hicho kikifika saa 4 kimeshalegea na kunywa mafuta, na mtu atakayekila wakati huo atashangaa watu walisifia nini. Mbaazi nazo hazipendi haraka. Huchemshwa mpaka ziive kabisa, hutiwa tui la pili ili zinywe ladha, na tui zito huingia mwisho kwa moto mdogo huku likikorogwa lisikatike. Ukiona mafuta yamejitenga juu na maji yamebaki chini, mpishi aliharakisha. Tafuta meza nyingine, maana hazipungui.

Baadaye kidogo huja zamu ya supu, ambayo unaifahamu kutoka Dodoma na sina haja ya kukueleza. Nitasema tu kwamba hapa huliwa zaidi na chapati kuliko na ndizi, na kwamba ndimu huwekwa nyingi.

Mchana ni wa mama lishe, na hapa ndipo ninapokuomba uwe na subira, kwa sababu ndipo ulipokata tamaa. Meza za mchana hufuata kazi: ziko karibu na bandari, karibu na masoko, gereji, stendi na mahakama, popote penye watu wanaotoka kwa nusu saa wakiwa na njaa ya kweli. Mlo wa kawaida hulipwa kwa shilingi elfu mbili hadi tano kulingana na kitoweo, na kitoweo ndicho kinachotofautisha meza na meza. Kabla ya kuketi, uliza swali moja tu: "Bada ipo?" Bada ni ugali wa unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, rangi yake imefifia kuelekea kijivu, huvutika kidogo mkononi, na ladha yake ina uchachu wa mbali ambao wageni wengine huchukua muda kuuzoea. Huliwa na samaki wa mchuzi wa nazi au na kisamvu kilichotwangwa vizuri na kupikwa kwa tui hadi kikakauka. Nimefundisha mapishi ya pwani kwa muda mrefu, na katika muda wote huo sijaona kipimo kinachonifaa kuliko hiki: mahali panapopikwa bada panapikia wenyeji, kwa kuwa mgeni haiulizi. Hata kama wewe hutaipenda bada yenyewe, wali wa nazi na samaki wa mahali hapo utakuwa umepikwa kwa ajili ya watu wanaojua tofauti.

Ikifika saa 10 alasiri mji huamka upya. Hii ni saa ya vitu vidogo vinavyoliwa kwa mkono: kachori, bajia za dengu, katlesi, kababu, viazi vya karai, muhogo wa kukaanga unaopasuliwa na kupakwa chatini ya pilipili na ukwaju. Mengi kati ya haya yalikuja na familia za asili ya Kihindi zilizofanya biashara hapa kwa vizazi vingi, na yamekaa jikoni mwa Waswahili kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena asili yake. Muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vidogo, na kashata ya nazi au ya karanga hukata uchungu. Kama unatamani mkahawa wa kisasa katika mji huu, huna haja ya kuutafuta mbali: ni baraza, na kahawa yake huchemshwa kwa mkaa. Ukikaribishwa kuketi, keti. Katika baraza moja kwa nusu saa utajua ni nani anayepika biriani ya Ijumaa mtaani hapo, jambo ambalo ramani ya simu yako haitakuambia kamwe.

Usiku baada ya sala ya Isha ndipo huja urojo, mishikaki, samaki wa kuchoma na pweza. Urojo wa Tanga una undugu na ule wa Pemba na Unguja, kwa kuwa watu wamekuwa wakivuka mkondo huu wa bahari kwa vizazi: mchuzi mwepesi wa embe mbichi au ukwaju uliokolezwa manjano, ndani yake viazi, bajia, vipande vya mishikaki, na juu yake kachumbari, chatini ya nazi na chenga za muhogo. Mpishi mzuri hukuuliza unataka mkali kiasi gani kabla hajamimina. Pweza huchemshwa kwanza, hukatwakatwa, na supu yake hutolewa katika kikombe kwa ndimu na pilipili. Meza ya pweza utaitambua kwa taa moja na wanaume waliosimama wakizungumza polepole.

Kuna kalenda ya pili inayoenda sambamba na saa, nayo ni ya bahari. Wageni hulalamika kwamba walikula pweza laini juma hili na juma lililofuata wakapewa mpira, au kwamba mpishi aliyewasifia dagaa wabichi leo hana. Pweza hukamatwa zaidi wakati wa bamvua, katika siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi, na watu hutembea kwa miguu wakichokoa mapango yake. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haikupwi mbali, pweza mpya hupungua, na anayeuzwa huenda amekaa katika barafu. Dagaa na vibua huenda kinyume na hapo kwa namna fulani, kwa kuwa huvuliwa kwa taa: usiku wa giza taa huwavuta, na mbalamwezi ikitanda taa hazina nguvu. Juu ya yote kuna pepo za msimu, kusi na kaskazi. Wakati wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi, na samaki wa mshipi kama changu na kolekole hupanda bei. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka bahari hutulia na meza hujaa. Kwa hiyo ukifika kwa mama lishe, usiombe orodha. Uliza, "Leo bahari imetoa nini?" Swali hilo litakupatia samaki bora na, mara nyingi, heshima ya mpishi. Ukitaka kuona mwenyewe, nenda asubuhi kwenye mwalo wa Deep Sea wakati wa mnada, utazame macho ya samaki yanavyong'aa na matamvua yakiwa mekundu, na utazame pia ni mama lishe gani wananunua. Kisha wafuate mchana.

Huenda utauliza kwa nini mambo haya yamejificha. Historia ya mji inaeleza mengi. Mkonge ulifika mkoani humu mwaka 1893, pale Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoleta miche kutoka Florida, ambayo ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga. Mashamba yakavuta vibarua kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na posho ya unga wa mahindi iliyogawiwa mashambani ikafanya ugali wa mahindi kuwa chakula cha kila siku mahali ambapo Wadigo, Wasegeju na Wabondei walikuwa wakila muhogo, mchele na ndizi. Mji ukawa na fedha, na penye fedha pakawa na hoteli zenye vyumba vya kulia chakula. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na viwanda vya mjini vikaja kufifia baadaye, mlaji mwenye fedha ya kuketi mgahawani alipungua. Watalii nao walielekea Arusha na Unguja. Maoni yangu ni kwamba mapishi hayakufa katika kipindi hicho. Yalirudi majumbani na kwenye meza za barazani, ambako gharama ni ndogo na wateja wanajulikana kwa majina. Mji ambao haukuwa na mtalii wa kumpendeza haukuwa na sababu ya kuandika vibao. Ule msemo wa wenyeji, "waja leo waondoka leo", wengi huutaja kwa maana ya mgeni anayekuja na kushindwa kuondoka. Kwa upande wa chakula umekuwa kweli kwa maana yake ya wazi kabisa, kwamba mgeni hula mlo mmoja stendi akaendelea na safari.

Sasa nije kwenye yanayobadilika, na hapa nina furaha na wasiwasi kwa pamoja.

Wasiwasi wangu mkubwa ni nazi. Karibu kila nilichokutajia kinasimama juu ya tui lililokunwa siku hiyo hiyo. Kwa miongo kadhaa ugonjwa unaogeuza makuti kuwa manjano hadi kilele cha mnazi kikaanguka umeangamiza minazi mingi katika pwani ya Tanzania, minazi mingi iliyobaki imezeeka, na mashamba karibu na mji yanageuzwa viwanja vya nyumba. Nazi inapopanda bei, mama lishe ana njia tatu: kupandisha bei ya sahani, jambo ambalo mteja wake wa bandarini halimudu, kupunguza nazi na kuongeza maji, au kutumia unga wa nazi wa pakiti pamoja na mafuta ya kupikia. Njia mbili za mwisho zimeenea. Mtu asiyejua atasema ladha imebadilika bila kutambua kilichobadilika. Ukitaka kujua, sikiliza: jikoni penye mbuzi ya kukunia nazi husikika mkwaruzo wake tangu asubuhi, na vifuu huwa vimerundikwa mahali, kwa kuwa huwashiwa moto. Mimi huhesabu vifuu kabla ya kuagiza. Wapishi wanaoendelea kukuna wanastahili kulipwa zaidi, na ninakuomba usibishane nao bei.

Jambo la pili ni chipsi. Vijana wa Tanga wanakula chipsi mayai usiku kama vijana wa miji mingine yote nchini, na mabanda ya chipsi yamechukua kona nyingi zilizokuwa za muhogo na samaki. Siwezi kuwalaumu: chipsi hushibisha, huliwa kwa kusimama na hazina mwiba. Ninachosikitikia ni kwamba muuza muhogo wa kukaanga akizeeka, mwanawe hununua karai na kukaanga chipsi, na ujuzi wa kuchagua muhogo mtamu usio na nyuzi, wa kuuchemsha kidogo kwanza na kuukaanga mara ya pili, unaondoka naye.

Furaha yangu ni jiko la nyumbani lililoingia katika simu. Wanawake wengi ambao zamani wangepika kwa ajili ya harusi na matanga tu sasa hutangaza mlo wao katika stetasi ya WhatsApp: Alhamisi jioni utaona picha ya sufuria ya biriani au pilau, bei ya sahani, na namba ya kulipia kwa simu, ukiagiza kabla ya usiku, Ijumaa baada ya sala bodaboda hukuletea mlango wa ofisi. Hakuna pango, hakuna mhudumu, na kinachopikwa ni kile kilichokwisha kulipiwa, kwa hiyo hakilali. Kwa mtazamo wangu haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika ulaji wa mji huu, na ndiyo yasiyoonekana kabisa kwa mtu anayetembea barabarani akisoma vibao. Namna ya kuingia ni moja: mwenyeji akupe namba. Waombe wenzako wa ofisini, hasa akina mama, wakutumie namba za wapishi wao watatu, na ndani ya mwezi utakuwa na namba kumi. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ni vyema uwe na mabakuli yako yenye vifuniko vya kukaza. Mpishi atakupenda, na mchuzi utafika.

Mkaa nao uko njiani kupungua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya gesi tayari imeingia katika meza nyingi za mama lishe. Ninaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimewaona wapishi wa umri wangu wanavyokohoa. Vitumbua, chapati na mbaazi havipotezi chochote kwenye gesi. Mkate wa kumimina ndio wenye shida, maana huokwa kwa moto wa juu na wa chini, makaa yakiwekwa juu ya kifuniko, na samaki wa kuchoma hana mbadala wa makaa. Nadhani vyakula hivyo viwili vitabaki vya mkaa kwa muda, na bei yake itapanda.

Lipo pia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani hapa Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Kazi za namna hiyo huleta watu wenye mishahara na wasio na jamaa mjini, na watu hao hutaka mahali pa kuketi usiku penye mwanga, muziki na choo safi. Ninavyoona, sehemu mpya za kuchoma nyama na samaki kuelekea ufukweni zinawapikia wao kwanza. Zingine ni nzuri sana. Ila utamu wake unategemea mchomaji, na mchomaji huhama, kwa hiyo sikutajii jina ambalo mwakani litakuwa limepoteza maana.

Kuhusu usafi, ambalo najua wageni wako watauliza: chakula kinachochemka mbele yako ni salama kuliko kilichopoa ndani ya kioo cha mgahawa mzuri. Tazama maji ya kunawa yanayotiririka, tazama rangi ya mafuta ya karai, na uwe mwangalifu na kachumbari na chatini iliyokaa juani. Mwezi wa Ramadhani meza nyingi za mchana hufungwa na mji wote hula magharibi. Futari ya Tanga, yenye muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, tambi na kaimati, ni sababu tosha ya kumtembelea jirani ukikaribishwa.

Nje ya mji mkoa huu una mapishi ya aina tofauti kabisa, na nitayapitia kwa ufupi. Pangani, kilomita zipatazo 50 kusini, ni mji wa mto, minazi na pweza, na barabara yake imekuwa ikijengwa kwa lami, kwa hiyo safari ya siku moja inawezekana. Muheza ni machungwa, na milima ya Amani juu yake hutoa iliki, mdalasini na pilipili manga, viungo ambavyo mpishi wako wa pilau huenda anavitumia bila kukuambia. Nunua huko vikiwa vizima. Handeni na Kilindi ni nchi ya mifugo, na mbuzi wa kuchoma wa huko hahitaji kiungo zaidi ya chumvi. Lushoto ndiko ningekaa siku mbili. Unapanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi takriban mita 1,400, hewa inabadilika, na nazi hutoweka katika sufuria: Wasambaa hupika ndizi, maharage na mboga za majani zilizochumwa asubuhi, na siku ya soko utaona karoti, kabichi, viazi, plamu na peasi ambazo sehemu kubwa hushuka kwenda Dar es Salaam. Shamba la Irente nje ya mji huo hutoa mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini na jamu, urithi wa wamisionari uliobadilika kuwa mlo wa mchana wa kupendeza. Na huko huko mkoani usisahau maziwa. Wafugaji wadogo wa Tanga waliunda ushirika wa maziwa ulioimarika katika miaka ya 1990, na bilauri ya mtindi baridi pamoja na maandazi imekuwa kifungua kinywa cha watu wengi wanaowahi kazini.

Basi, wageni wako watatu. Kama tarehe iko mikononi mwako, chagua Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili upate biriani na bamvua kwa siku moja. Alhamisi asubuhi mpigie mpishi wa nyumbani umwagize sahani nne, umlipe nusu, na umwambie mapema ikiwa kati yao yuko asiyekula pilipili au asiyepatana na samaki. Ijumaa waamshe mapema, uwapeleke Ngamiani saa 12 na nusu kwa mbaazi na vitumbua, na uwashauri mavazi ya heshima, wale kwa mkono wa kulia, na wasipige picha ya mtu bila kumwomba. Kazi iendelee hadi sala ya mchana. Baada ya hapo biriani iletwe ofisini, mle kwenye sinia moja kama inavyoliwa hapa. Saa 10 watembeze barazani kwa kahawa na kashata, bila kununua bajia nyingi, maana usiku bado. Baada ya Isha wapeleke kwenye meza ya pweza, mnywe supu kwanza, na mmalize na urojo kwa muuzaji aliyekuuliza unataka mkali kiasi gani. Ukumbi wa hoteli mtauhitaji kwa kifungua kinywa cha Jumamosi tu, na hata hicho, kama wataondoka kwa basi la asubuhi, mwombe mpishi wa vitumbua awafungie kumi katika karatasi vikiwa bado vya moto.